KOVU LA MOTO: UPASUAJI WA SAA CHACHE, UANGALIZI WA MWAKA MZIMA

Utangulizi

Katika nyumba nyingi za mkoa wa Katavi chakula hupikwa juu ya mafiga au jiko la mkaa lililowekwa chini, mahali ambapo mtoto anayejifunza kutembea hufika kwa urahisi. Mtoto akiungua mkono, kidonda hupona baada ya majuma kadhaa, lakini mara nyingine vidole hubaki vimekunjamana na kiganja. Afikapo shuleni, mtoto huyo hawezi kushika kalamu barabara. Kasoro hiyo yaweza kurekebishwa kwa upasuaji. Hata hivyo, kazi ya daktari ni ya saa chache tu. Kazi ya nyumbani huchukua mwaka mzima au zaidi. Makala haya yanaeleza sababu yake.

Kwa nini kovu hujikunja?

Ngozi ina matabaka mawili makuu. Tabaka la juu ni jembamba, na hukinga mwili. Tabaka la ndani lina mishipa ya damu, neva, mashina ya vinyweleo, na nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Moto ukiunguza sehemu ya juu tu, chembe hai zilizosalia katika mashina ya vinyweleo huotesha ngozi mpya. Ukiunguza tabaka lote la ndani, mwili huziba pengo kwa kovu.

Mwaka 1971 mwanasayansi Giulio Gabbiani na wenzake walieleza chembe hai za kidonda zenye uwezo wa kujikaza kama misuli. Chembe hizo, ziitwazo miofibroblasti, huvuta kingo za kidonda zikaribiane. Penye kiungo, kama vile kidole, kiwiko au shingo, mvuto huo hukunja kiungo chenyewe.

Daktari hufanya nini?

Daktari hukata kovu, hunyoosha kiungo, kisha hufunika pengo kwa ngozi iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili, kama vile paja au kinena. Ngozi hiyo haiji na damu yake. Kwa muda wa siku mbili hivi hulishwa na majimaji ya kidonda. Baadaye mishipa ya damu huungana nayo, na kati ya siku ya 5 na ya 7 kwa kawaida huwa imeshika. Damu ikivilia chini yake, usaha ukiingia, au ngozi ikisogezwa, itakufa. Ndiyo maana mgonjwa hukatazwa kufungua bendeji.

Elimu hii iliendelezwa sana wakati wa Vita Kuu ya Pili, Archibald McIndoe alipowatibu marubani walioungua huko East Grinstead, Uingereza. Mwaka 1957 yeye, Michael Wood na Tom Rees walianzisha mjini Nairobi huduma ya madaktari wa ndege, ambayo ndiyo chanzo cha shirika la AMREF. Leo upasuaji wa aina hii hufanyika nchini Tanzania katika hospitali kubwa, kama vile Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam.

Maandalizi

1. Damu na lishe. Kidonda hujengwa kwa protini. Maharage, karanga, mayai na dagaa wa Ziwa Tanganyika vyafaa sana. Upungufu wa damu na malaria vitibiwe kwanza.

2. Ukweli kwa daktari. Atajiwe dawa zote zitumiwazo, za miti shamba zikiwamo, pamoja na ugonjwa wa selimundu ukiwapo katika ukoo. Mtu mzima avutaye sigara aache mapema, kwani sigara hupunguza damu ifikayo kwenye ngozi.

3. Kufunga. Kabla ya nusukaputi, kwa kawaida chakula huachwa saa 6 na maji matupu saa 2. Uji na maziwa ya ng'ombe huhesabiwa kuwa chakula. Mtoto akilishwa kwa siri kwa kuonewa huruma, chakula chaweza kurudi na kuingia mapafuni.

4. Safari. Kutoka Mpanda reli hupitia Kaliua na Tabora hadi Dar es Salaam. Jamaa wapange nauli ya kwenda, ya kurudi, na ya kurejea kliniki, na wakumbuke kwamba masika huharibu barabara za vijijini.

Uangalizi nyumbani

Mgonjwa alale katika chumba kisicho na moshi, ndani ya chandarua, mkono ukiwa umeinuliwa juu ya mto. Bendeji isilowe. Homa, harufu mbaya, usaha, maumivu yanayozidi, au vidole kuwa baridi au vyeusi ni dalili za hatari: aende katika kituo cha afya cha karibu siku hiyo hiyo.

Ngozi ikisha kushika, watu wengi hudhani kazi imekwisha. La, hasha! Miofibroblasti zingali zikivuta, na kovu huhitaji mwaka 1 au zaidi kukomaa. Hivyo mgonjwa avae banzi la kunyoosha vidole, hasa usiku, afanye mazoezi aliyoelekezwa, na ngozi mpya ipakwe mafuta na kukingwa na jua. Banzi likitupwa uvunguni mapema, vidole vyaweza kukunjamana tena. Zaidi ya hayo, mtoto hukua lakini kovu halinyooki sawasawa naye; huenda akahitaji upasuaji mwingine.

Mwisho, kinga ni bora kuliko tiba. Jiko liinuliwe au lizungushiwe kizuizi. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Asipakwe majivu, mafuta wala dawa ya meno.

Maswali

1. Kwa nini kovu la kiwiko huleta ulemavu kuliko la mgongo?
2. Ngozi iliyopandikizwa hupataje chakula katika siku mbili za kwanza?
3. Mwanafunzi mwenzako amerudi kutoka hospitali na banzi mkononi. Darasa lenu litamsaidiaje kwa mwaka mmoja?