Ute: ukuta wa protini unaoulinda mwili kwa ndani

Nyama uliyokula jana ilimeng'enywa na asidi kali ndani ya tumbo ambalo lenyewe ni nyama. Mbona tumbo halikujimeng'enya? Limekingwa na ute, majimaji yale yale mazito tunayoyaita kamasi yakitoka puani na makohozi yakitoka kifuani, na ambayo wengi wetu tunayaona uchafu tu.

Zaidi ya asilimia 90 ya ute ni maji. Kinachoufanya uwe mzito na uteleze ni protini ziitwazo musini. Kila musini ni uzi mrefu uliojaa matawi ya sukari pande zote, mfano wa brashi ya kuoshea chupa ya mtoto. Matawi hayo hushika maji, na nyuzi zenyewe huungana zikawa wavu. Vumbi na vijidudu hunasa humo kabla ya kuzifikia seli.

Kwenye utumbo mpana ute una tabaka mbili. La ndani limebana, bakteria hawapenyi kwa urahisi. La nje limelegea, na humo wanaishi mamilioni wakijilisha hata zile sukari za musini. Panya wa maabara waliozalishwa bila musini ya utumbo walipata uvimbe wa utumbo mpana, na baadhi yao saratani. Hapo ndipo unaiona thamani ya ukuta huu.

Tumboni, ute husaidiwa na baikaboneti inayopooza asidi. Juu ya ute asidi ni kali sana. Chini yake, kwenye seli, karibu haipo. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori ameijua siri hiyo: hutengeneza amonia, ute unaomzunguka hulegea, naye hupenya. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba yeye ndiye chanzo cha vidonda vingi vya tumbo, ugonjwa ambao kwa miaka mingi lawama zake ziliangukia mawazo na pilipili.

Chanzo kingine tunakinunua wenyewe dukani. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzuia kemikali inayoliamuru tumbo litoe ute na baikaboneti. Wapo wanaodai kuchomwa sindano ya diklofenaki wakidhani tumbo litasalimika. Halisalimiki, kwa sababu dawa hulifikia kupitia damu. Ukiwa umewahi kuumwa vidonda vya tumbo, mwambie mhudumu kabla hajakupa dawa yoyote ya maumivu, na usizimeze siku nyingi mfululizo bila ushauri wa daktari.

Kamasi nazo zina silaha. Mwaka 1922 Alexander Fleming, yule yule wa penisilini, alieleza habari za lisozaimu, protini aliyoigundua kwenye kamasi na ambayo hupasua kuta za baadhi ya bakteria. Na zikigeuka kijani usikimbilie amoksilini: rangi hiyo hutokana na chembe nyeupe za damu zilizo kazini, na mafua mengi huletwa na virusi, ambavyo antibayotiki haziviui. Kunywa maji ya kutosha. Epuka sigara na moshi wa kuni, maana hudhoofisha vinyweleo vinavyosukuma ute kutoka kwenye mapafu.

Ziko dalili zisizosubiri. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au makohozi yenye damu, kapime kifua kikuu. Kipimo ni bure kwenye vituo vya serikali. Choo cheusi kinachonata, au kutapika damu, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtoto mwenye kikohozi anayepumua haraka au ambaye kifua chake kinabonyea kwa ndani anapovuta pumzi: mpeleke sasa, hata kama ni usiku.