Kivuko Kina Kipimo Chake

Sisi wa Zombo tuko mbali na ziwa. Lakini wako Watanzania wenzetu wanaokaa visiwani. Kwao kivuko ndiyo barabara.

Kisiwa cha Ukara kiko katika Ziwa Viktoria, Wilaya ya Ukerewe. Watu wake huvuka maji kwenda hospitali na sokoni. Kivuko kikikosekana, mgonjwa husubiri na bidhaa huharibika. Kwa hiyo kikifika, kila mtu hutaka kuingia.

Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kiliruhusiwa kubeba watu 101. Siku hiyo kilibeba zaidi ya mara mbili, pamoja na mizigo. Kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya. Watu zaidi ya 220 walikufa.

Chombo kikijaa kupita kiasi hudidimia majini. Watu wakisogea upande mmoja, hulalia upande huo na kupinduka.

Baadaye Ukara ilipata kivuko kikubwa zaidi. Lakini hata kikubwa kina kipimo chake. Na gari la kwenda Kilosa au Mikumi lina kipimo chake pia. Likijaa, usipande. Subiri jingine. Kuchelewa si kufa.

Maswali
1. MV Nyerere iliruhusiwa kubeba watu wangapi?
2. Kwa nini watu hupanda chombo kilichojaa?
3. Kijijini kwetu tufanye nini gari likijaa kupita kiasi?