SOMO: FENI YA PIKAPU IKIKATAA KUZUNGUKA



Leo tunazungumza juu ya kidude kidogo kilichotaka kuvunja kikundi kizima.

Tuliitwa huko Mbeere kusuluhisha ugomvi. Pikapu ya kikundi ilikuwa imechemka mara tatu ikipanda kutoka Ishiara kuja Embu na magunia ya ndengu. Mara ya kwanza wakanunua rejeta. Mara ya pili wakabadilisha themostati. Mara ya tatu gasketi ya silinda hedi ikaungua, na pesa za kuitengeneza zikatoka kwenye akiba ya karo za watoto. Sasa kamati ilitaka dereva aachishwe kazi. Mweka hazina alimwambia mbele ya watu wote, "Kijana, umetuulia gari." Naye akajibu, "Mama, maji nilikuwa naweka kila asubuhi. Ni feni haikuwa inazunguka." Tukisema ukweli, hata sisi tulidhani anajitetea tu.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Fundi mmoja wa jua kali alitumia kama dakika kumi hivi kuonyesha kwamba rilei ya feni ilikuwa imekufa. Rilei ni ndogo kuliko kiberiti, na ya kawaida haifiki bei ya jogoo.

Kwanza fungua boneti uangalie feni nyuma ya rejeta. Kama inazungushwa na mkanda wa injini, kama zile Hilux za dizeli, gari lako halina rilei hii, angalia mkanda. Lakini pikapu ndogo ambazo injini imekingama, na zile zilizobadilishwa na mafundi wetu, feni yake ni ya umeme. Hizo ndizo tunazozungumzia.

Mtu atauliza, mbona gari halikuchemka kwenye tambarare? Ni kwa sababu gari likikimbia, upepo wa barabarani unapoza rejeta. Likipanda polepole na mzigo, upepo ni kidogo na injini inafanya kazi ngumu, kwa hiyo feni ndiyo tegemeo. Tena huku kwetu juu maji huchemka mapema: Embu mjini, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Kifuniko cha rejeta hushikilia presha ili maji yasichemke upesi. Ndiyo maana kifuniko kilicholegea ni hasara, na kukifungua kikiwa moto ni kujiunguza uso.

Rilei inafanya nini? Feni inakula umeme mwingi, na swichi ya joto haina nguvu ya kuupitisha. Ni kama mtoto anayetumwa kumwita baba aje kufungua lango la ng'ombe. Umeme mdogo unaingia kwenye rilei, sumaku iliyo ndani inavuta kijichuma, "tik!", na njia ya umeme mwingi inafunguka. Kijichuma kikiungua, mtoto anaita lakini lango halifunguki.

Jinsi ya kupima: Washa gari likiwa limesimama, uangalie geji ya joto. Ikipita katikati kuliko kawaida na feni iko kimya, zima kabla haijafika kwenye nyekundu. Angalia fyuzi ya feni. Ikiwa nzima, tafuta rilei kwenye kisanduku karibu na betri. Mara nyingi mchoro uko ndani ya kifuniko chake. Kabla ya kugusa, toa ufunguo na ufungue waya wa hasi wa betri, kwa maana feni nyingine huanza zenyewe hata injini ikiwa imezimwa, na zimekata vidole vya watu. Ivute rilei wima bila kuitikisa sana. Kama ya honi ina namba ileile na mchoro uleule ubavuni, iazime uiweke mahali pa ile ya feni, rudisha waya wa betri, upashe injini tena. Feni ikizunguka, umempata mwizi. Isipozunguka, usinunue kitu bado. Fundi apime mota ya feni, waya na swichi ya joto.

Hapa tusisitize. Usinunue rilei kwa kuangalia umbo. Nyingi zina miguu minne, namba 85 na 86 za sumaku, 30 na 87 za umeme wa feni. Lakini baadhi ya Toyota hutumia rilei ambayo kazi yake ni kinyume: ikiwa imetulia, njia iko wazi kwa umeme. Ukiweka ya kawaida, feni haitafuata joto. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, ulinganishe namba, mchoro na ampea.

Tena chungulia pale ilipotoka. Plastiki ikiwa imeyeyuka au miguu imekuwa myeusi, rilei mpya haitakaa. Huenda mota ya feni imechoka na inavuta umeme kupita kiasi. Na tafadhali, ile karatasi ya fedha ya sigara badala ya fyuzi tuiache, imechoma magari.

Ukikwama barabarani ukiwa bado mbali na fundi, washa hita ya ndani hadi mwisho. Utatoka jasho, lakini inapunguza joto la injini wakati unatafuta mahali pa kusimama.

Dereva yule bado yuko kazini. Kikundi kilinunua rilei mbili, na ya akiba anaitunza mweka hazina kwenye sanduku la pesa, pamoja na risiti.

Kwa mkutano wenu ujao:
Dereva wenu akisema gari lina shida, anamwambia nani, na inaandikwa wapi?
Mara ya mwisho kununua spea, nani alipima kwanza?