PUMZI YA GARI KUUKUU
Jinsi ya kutafuta ugonjwa wa injini kabla ya kuigusa kabureta

Malili ni mji mdogo wa Makueni, ulio kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa, kadiri ya kilometa 60 kutoka Nairobi. Jirani yake ndipo ulipozinduliwa mji mpya wa Konza na Rais Mwai Kibaki mwaka 2013, katika ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili, nao ulikusudiwa kuwa mji wa kompyuta. Walakini si kila gari lipitalo hapo ni la kisasa. Zipo bado pikapu za zamani, kama Peugeot 504 na Toyota Hilux za miaka iliyopita, ambazo injini zake hulishwa petroli kwa kabureta. Magari mapya hayana chombo hicho, na fundi kijana aweza kumaliza mafunzo yake bila kukifungua hata mara moja. Kwa hiyo yafaa mwenye gari kuukuu ajue mwenyewe jinsi linavyopumua.

Mfano wake ni huu. Mkulima amepakia nyanya katika pikapu yake kwenda sokoni. Gari likisimama, injini yatetemeka na kutaka kuzima. Likipanda mlima, lakosa nguvu. Fundi wa kando ya njia afungua boneti, azungusha skrubu ya kabureta nusu mzunguko, na injini yatulia. "Mzee, sasa ni tayari," asema. Mzee amlipa, aenda zake. Je, gari limepona? Huenda halikupona hata kidogo. Huenda ugonjwa umefichwa tu; na wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Chakula cha injini

Injini haili petroli peke yake. Kila kilo moja ya petroli yahitaji kadiri ya kilo 15 za hewa ili iungue vema; maana yake lita moja ya petroli hutumia lita 9,000 za hewa, au zaidi. Hewa hiyo huingia kwa njia ya chujio, kisha hupita katika koo jembamba la kabureta. Ipitapo mahali pembamba huongeza mwendo, na kanieneo yake hupungua, jambo lililoelezwa na Mtaliani Giovanni Battista Venturi mwaka 1797. Upungufu huo ndio unaoivuta petroli kutoka katika kitundu kidogo cha shaba kiitwacho jeti.

Basi ni dhahiri kwamba hewa ndiyo itawalayo petroli. Njia ya hewa ikizibwa, petroli huzidi. Njia hiyo ikitoboka baada ya kabureta, hewa isiyopimwa huingia, na petroli huwa pungufu. Katika hali zote mbili kabureta yenyewe yaweza kuwa haina kosa lolote.

Dalili za kutazamwa

Kwanza hakikisha kwamba moto wa plagi ni mzuri, kwa maana plagi mbovu huiga magonjwa mengi. Kisha zifungue plagi na kuzitazama ncha zake. Zikiwa na masizi meusi makavu, na bomba likitoa moshi mweusi wenye harufu ya petroli, injini imekosa hewa. Zikiwa nyeupe, na injini ikipiga chafya kwa kurudisha moto kinywani mwa kabureta, hewa imezidi. Zikiwa na rangi ya hudhurungi, mchanganyiko ni sawa.

Petroli yenyewe pia iangaliwe. Wako wauzaji waovu wanaoichanganya na mafuta ya taa, ambayo bei yake ilikuwa nafuu. Ndiyo sababu mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Petroli ya namna hiyo hufanya injini kuwa ngumu kuwaka na kugonga mlimani, na hakuna skrubu iwezayo kuiponya.

Hewa ikiwa haba

Anza na chujio. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara za udongo ni jingi, na chujio huziba upesi. Litoe, ulielekeze kwenye jua. Usipoona mwanga ukipenya, ligonge polepole vumbi lidondoke, au ununue jipya. Ikiwa ni chujio la zamani lenye bakuli la oili, mwaga oili chafu, lisafishe, ukatie oili mpya mpaka penye alama. Wako watu ambao huliondoa chujio na kuendesha gari bila hilo, wakifurahi kwamba nguvu imerudi. Hilo ni kosa kubwa. Vumbi ni kama msasa. Husaga silinda na ringi za pistoni, na hasara yake hupita bei ya machujio mengi.

Baada ya hayo tazama choki. Kilango chake hufungwa asubuhi ya baridi tu, na injini ikipata moto hapana budi kiwe wazi kabisa. Waya wake ukishika kutu, hubaki nusu.

Kadhalika mwenye gari akumbuke urefu wa nchi. Malili i juu ya bahari kwa kadiri ya meta 1,600, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja katika saba. Kabureta iliyorekebishwa pwani itatoa petroli ya ziada kidogo ikifika bara. Huo si ugonjwa, ni tabia ya nchi.

Hewa ikizidi

Washa injini, uiache ivume bila kukanyagwa, kisha usikilize. Aghalabu tundu la hewa hutoa sauti kama ya nyoka. Chukua maji kidogo, uyadondoshe penye gasketi iliyo chini ya kabureta na penye maungio ya manifoldi, ukiepuka nyaya za plagi. Mlio wa injini ukibadilika mara maji yanapogusa mahali fulani, hapo ndipo penye ufa. Wengine hutumia petroli kwa jaribio hili. Hasha, usiwaige, maana injini yenye moto yaweza kuliteketeza gari na mtu.

Kisha ibane kwa koleo mipira midogo ya hewa, mmoja baada ya mwingine. Mpira ukibanwa na injini ikatulia, ugonjwa uko katika mpira huo au mahali unapokwenda.

Mpira mmoja watakiwa kuangaliwa kuliko yote, nao ni ule mnene uendao kwenye busta ya breki. Busta hutumia mvuto wa injini ili kumsaidia dereva. Mpira wake ukipasuka, injini hutetemeka; na tena breki huwa ngumu. Hapa ndipo lilipo kosa la yule fundi wa kando ya njia. Skrubu yake iliongeza petroli ili ilingane na hewa iliyoingia kwa wizi. Injini ikatulia, lakini mpira ulibaki umepasuka. Mzee ateremka mlima akiwa na mzigo, malori yakiwa mbele na nyuma yake, akikanyaga breki isiyo na msaada.

Jaribio lake ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Mguu ukiwa ungali juu yake, washa injini. Breki ikishuka kidogo, busta yafanya kazi. Isiposhuka, gari lisiendeshwe mpaka litengenezwe.

Kabureta ni ya mwisho

Hayo yote yakiwa mazima, ndipo kabureta ifunguliwe, mahali pa wazi, mbali na sigara na jiko. Safisha uchafu ulio chini ya bakuli lake. Jeti ipulizwe kwa hewa ya pampu. Isichokolewe kwa waya, maana tundu likipanuka halirudi. Tazama kama floti haikutoboka, na kama sindano yake yazuia petroli sawasawa. Kabla ya kuigusa skrubu ya mchanganyiko, ifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko, uiandike hesabu hiyo, kisha uirudishe ilipokuwa. Mwenye hesabu hiyo aweza kujaribu bila kupotea.

Basi utaratibu ni huu: plagi, petroli, chujio, choki, gasketi, mipira, breki, na mwisho kabureta. Badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ukajaribu gari kabla ya kuendelea. Na fundi akishika bisibisi kwanza, mwenye gari amwulize kwa upole: "Fundi, hewa umeitazama?"