Sheria ya Katiba kwa Anayeanza: Kesi Moja, Ibara Sita

Wengi wanaoanza kujifunza sheria ya katiba hufungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 wakitaka kuzimaliza ibara zote 152 kwa mkupuo. Wachache hufika mwisho. Iko njia nyepesi zaidi: kuchukua kesi moja iliyokwisha amuliwa na kuisoma huku Katiba ikiwa wazi mezani. Kesi ya Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali inafaa sana kwa kazi hiyo.

Kilichobishaniwa

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kilimtaka mwanamume afikishe miaka 18 ndipo aoe, lakini msichana aliruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15. Kwa idhini ya mahakama, umri ungeweza kushuka hadi miaka 14. Kifungu cha 17 kilimtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba, mama au mlezi. Hivyo mtoto aliyestahili kuwa kidato cha pili aliweza kuozeshwa, na sheria ikamtambua kuwa mke halali.

Ibara zinavyofanya kazi

Swali la kwanza ni nani anaruhusiwa kulalamika. Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba, kwa kufuata utaratibu uliowekwa. Gyumi aliitumia haki hiyo Mahakama Kuu.

Swali la pili ni kipimo. Ibara ya 12 inatambua usawa na utu wa kila binadamu, na ya 13 inakataza sheria yenye ubaguzi. Hapo ndipo tofauti ya 15 na 18 ilipowekwa kwenye mizani.

La tatu ni nguvu ya mahakama. Ibara ya 64(5) inasema sheria inayokiuka Katiba ni batili kwa kiasi cha ukiukaji huo. Hata hivyo, Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro badala ya kuifuta sheria papo hapo.

Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vyote viwili vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, ikitetea pamoja na mengine nafasi ya mila na dini katika ndoa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Majaji waliangalia pia mikataba ambayo Tanzania imeridhia, ukiwemo Mkataba wa Maputo unaoweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kuolewa.

Mahakama haikuandika umri mpya ndani ya sheria. Kazi hiyo ni ya Bunge. Mgawanyo huo wa madaraka, unaotajwa katika Ibara ya 4, unaonekana hapa ukitenda kazi.

Zoezi

Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, likamtaka mlalamikaji aape kwa maandishi na kueleza jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Msomaji ayaweke masharti hayo kando ya Ibara ya 26(2), kisha apime: je, mwanamke aliyekwisha vuka miaka 18 angeweza kufungua shauri la ndoa za watoto?