Somo: Ndege Mdogo Aonekane Wazi Katika Picha



Msimu uliopita, siku ambazo mvua ilituzuia kuanika karafuu, baadhi yetu tulianza kujifunza kupiga picha za ndege walio katika mashamba yetu. Tulichanga fedha, tukanunua kamera moja iliyokwisha tumika, pamoja na lenzi yake ya milimita 300. Tulidhani kazi yote ni kuelekeza na kubonyeza. Siku ya kwanza tulipiga picha 200. Jioni tulipozitazama, hapakuwa na hata moja iliyoonyesha manyoya ya ndege waziwazi. Mjukuu wa mwenzetu mmoja akauliza, "Babu, huyu ni chozi au ni jani?" Babu yake hakuwa na la kujibu.

Muuza kamera mmoja mjini alitushauri tununue lenzi kubwa zaidi. Bei yake ilikuwa sawa na magunia kadhaa ya karafuu kavu, nasi tulikuwa karibu kukubali. Twashukuru kwamba hatukufanya haraka, maana kosa halikuwa la lenzi. Twaandika somo hili ili mwanachama mwingine asitoe fedha za msimu kabla ya kuujua ugonjwa wa picha zake.

Faida yake ni nini?

Pemba, pamoja na visiwa vidogo vilivyo kandokando yake, ina aina 4 za ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Nao ni chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba, yule mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ninga wa Pemba, na bundi mdogo wa Pemba. Hawakai katika Msitu wa Ngezi peke yake. Wamo pia katika mikarafuu yetu. Bundi huyo alipewa jina la kitaalamu mwaka 1937, ilhali wazee wetu walikuwa wakimsikia usiku miaka mingi kabla ya hapo. Yaani jambo laweza kujulikana na mwenye shamba, lakini lisiandikwe popote. Picha iliyo wazi, yenye tarehe na jina la shamba, ni ushahidi. Picha yenye ukungu haithibitishi kitu.

Kwanza, tambua ugonjwa

Mkarafuu unaonyauka hautiwi dawa kabla ya kujulikana unaugua nini. Picha nayo ni vivyo hivyo. Ichukue picha mbaya, ikuze, uitazame vizuri. Utaona mojawapo ya mambo matatu.

Kama ndege, majani na tawi vyote vimevutwa upande mmoja, mkono wako ulitikisika. Kama majani ni wazi lakini ndege peke yake amevutwa, ndege ndiye aliyekwenda. Kama kuna kitu kilicho wazi kabisa, lakini ni jani la mbele au tawi la nyuma, ulilenga mahali pasipo ndege. Katika picha zetu 200 magonjwa yote matatu yalikuwamo, na lile la tatu ndilo lililozidi.

Dawa ya mkono

Lenzi ndefu humkuza ndege, lakini hukuza na mtikisiko pia. Kanuni ya zamani yasema kwamba kwa lenzi ya milimita 300, shata, yaani ule mlango wa kamera unaofunguka na kujifunga, isikae wazi zaidi ya sehemu 1 ya 300 ya sekunde. Anayeanza afadhali aende 1/500. Viwiko vibane mbavuni, mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, na bega liegemee shina la mti. Toa pumzi polepole, ndipo ubonyeze kwa utaratibu bila kudukua. Ukikaa chini, weka mfuko mdogo wa mchanga juu ya gogo ulaze lenzi juu yake. Lenzi nyingine zina chombo cha kupunguza mtikisiko. Chombo hicho husaidia mkono wako tu, hakimzuii ndege kwenda.

Dawa ya mwendo wa ndege

Tufanye hesabu kidogo. Ndege akigeuza kichwa kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, shata ya 1/100 itamwona akipita sentimita 1 nzima, na jicho lake litakuwa mstari. Kwa 1/1000 atapita milimita 1 tu. Kwa hiyo geuza gurudumu la kamera mpaka herufi S, au Tv katika kamera nyingine, uchague 1/1000 au zaidi.

Lakini mlango ukifunguka kwa muda mfupi, mwanga unaoingia ni mchache. Hapo yafaa kuongeza ile namba iliyoandikwa ISO. Juani 400 yatosha, na chini ya mikarafuu twatumia 1600 au hata 3200. Picha itakuwa na chembechembe kama mchanga mwembamba. Usiogope. Ndege mwenye chembechembe hutambulikana, ila mwenye ukungu hatambulikani.

Dawa ya kulenga

Kamera ikiachiwa ichague yenyewe, mara nyingi hulenga kilicho karibu, yaani jani. Iamuru itumie nukta moja tu, na nukta hiyo iweke juu ya jicho la ndege. Jicho likiwa wazi, mtazamaji huridhika hata mkia ukififia kidogo.

Tena jueni kwamba sehemu iliyo wazi ni nyembamba sana. Kwa kamera yetu, ndege akiwa mita 4, na tundu la lenzi likiwa wazi kwa f/5.6, sehemu hiyo ina kina cha kadiri ya sentimita 4 tu. Kwa f/8 hufika kadiri ya sentimita 6. Chozi ana urefu wa kadiri ya sentimita 10, kwa hiyo akikuelekea usoni, mdomo na mkia haviwezi kuwa wazi pamoja. Mngoje akae ubavu, ili mdomo, jicho na mkia viwe umbali mmoja nawe. Kisha piga picha 4 au 5 mfululizo, maana hutulia kitambo kidogo mno.

Umbali ndio lenzi kubwa

Hapa ndipo tulipoziokoa fedha zetu. Kwa kamera yetu, ndege wa sentimita 10 aliye mita 12 huchukua sehemu 1 kati ya 9 ya upana wa picha. Akiwa mita 4 huchukua sehemu 1 kati ya 3. Kumsogelea kwa namna hiyo ni sawa na kununua lenzi ndefu mara tatu, nayo haina bei ila subira.

Lakini usimwendee, maana ataruka. Kaa pale apendapo kuja. Chozi hurudi mara kwa mara katika maua ya mgomba. Kinengenenge hupita kwa makundi, nao hupenda maji, basi weka bakuli pana lenye maji kidogo kivulini, na kijiti kavu karibu yake. Kaa nyuma ya kuti, uvae nguo isiyong'aa, usubiri nusu saa kabla ya kuinua kamera. Asiye na kamera aweke simu juu ya kigingi karibu na bakuli, aiache ichukue video, kisha atoe humo picha iliyo wazi.

Jua na liwe mgongoni mwako, asubuhi au alasiri. Rangi ya kumetameta ya chozi dume haitokani na wino ulio katika unyoya, bali na jinsi unyoya unavyourudisha mwanga. Jua likiwa nyuma yake ataonekana mweusi kama kaa, hata kamera iwe ya thamani gani.

Adabu ya mpiga picha

Usipige picha kiotani, wala usikate matawi yanayokificha kiota ili upate nafasi. Mama akifukuzwa, makinda hubaki juani, na kunguru yuko macho. Bundi naye asimulikwe tochi usiku kucha. Wageni wakija shambani kutazama ndege, waambieni hayo kwa upole. Picha moja haina thamani ya kiota.

Zoezi

Kabla ya kumtafuta ndege, tundika kishada cha karafuu kwa uzi, umbali wa mita 4, ukisukume kidogo kicheze. Kipige picha kwa 1/60, kisha 1/250, kisha 1/1000. Zikuze zote tatu, uzilinganishe. Fanya hivyo kila siku kwa wiki moja. Kishada hakiruki, nacho kitakufundisha mengi kuliko maneno yetu.

Sisi tulifanya zoezi hili, kisha tukakaa penye mgomba na bakuli asubuhi za Jumapili tano. Katika picha 140 tulipata 6 zilizo wazi. Si nyingi, lakini katika moja duara jeupe la jicho la kinengenenge laonekana lote, na katika nyingine chozi ameingiza mdomo ndani ya ua. Tulimwonyesha yule mjukuu. Safari hii hakuuliza kitu, alisema tu, "Chozi dume." Zile fedha za lenzi tulinunulia majamvi mapya.

Mwanachama atakayepata picha iliyo wazi na ailete ofisini, pamoja na tarehe, saa na jina la shamba. Atakayepata yenye ukungu pia ailete, tukae pamoja tuutafute ugonjwa wake.