Kutuma Si Kufikisha

Somo hili lina jambo moja: ujumbe uliotumwa huenda haujafika, na uliofunguliwa huenda haujasomwa.

1. Barua pepe inafika wapi?

Ukiandika kutoka Masisi kwa ofisi ya Goma, barua hupokelewa kwanza na kompyuta ya huduma yako ya barua, ambayo huipeleka kwa kompyuta inayotunza barua za ofisi ile. Simu yako husema "imetumwa" mara ile kompyuta ya kwanza inapoipokea. Lakini barua inaweza kutupwa pamoja na barua za matangazo, au kurudishwa kwa sababu sanduku limejaa.

2. Je, imefunguliwa?

Mashirika mengi huweka ndani ya barua picha ndogo isiyoonekana kwa macho. Picha ikivutwa kutoka intaneti, mtumaji huhesabu kwamba barua imefunguliwa. Hesabu hiyo hukosea pande mbili. Aliyezuia picha ili aokoe mega zake husoma barua yote bila kuhesabiwa. Tena, tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuvuta picha yenyewe, hata kama mwenye simu hajasoma kitu. Na katibu akiwasomea watu hamsini, hesabu huonyesha mmoja tu.

3. Funzo la Luvungi

Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010, wapiganaji walivamia Luvungi na vijiji vingine 12 vya Walikale. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake, wanaume na watoto. Luvungi haikuwa na mtandao wa simu, na kituo cha MONUSCO cha Kibua kilikuwa umbali wa kilomita 30 hivi. Baadaye ilijulikana kwamba barua pepe ya Umoja wa Mataifa ya 30 Julai ilikuwa imetaja kuingia kwa waasi katika eneo lile. Habari ilitumwa, lakini msaada haukufika kwa wakati.

4. Tufanye nini?

- Tuombe jibu la mtu: nani amepokea, atafanya nini, siku gani.
- Habari ya hatari ipite njia mbili: simu, redio ya mawasiliano, au mjumbe anayeaminika.
- Katibu aandike daftarini siku, saa na cheo cha aliyejibu.
- Saa tuliyopanga ikipita bila jibu, tumtafute mwingine.
- Tusiandike majina ya waliotendewa ubaya. Barua pepe hunakiliwa kwa urahisi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ujumbe wetu wa mwisho wa hatari ulijibiwa na nani?
2. Mtandao ukikatika usiku, nani atapeleka habari, na kwa njia gani?
3. Sisi wenyewe, ni ujumbe wa nani tuliopokea tukanyamaza?